Kroshia imerudi, lakini si ile ya vitambaa vya makochi

Katika miji ya Kigoma na Tabora, anayesema kwamba kroshia imerudi anasema nusu ya ukweli. Sindano zenye ndoano nchani hazikuwahi kutoka kabisa mikononi mwa kina mama wa Ujiji, wala wa Ng'ambo na Cheyo kule Tabora. Kilichotoweka ni mahali pa kuiweka kazi yao. Kwa miaka mingi sebule iliyojiheshimu ilikuwa na vitambaa vyeupe au vya rangi ya maziwa kwenye migongo na mikono ya makochi, kingine juu ya redio, kingine juu ya televisheni, kingine juu ya stuli, vyote vimefuliwa, vimetiwa wanga na kunyooshwa mpaka kingo zikasimama. Bibi harusi aliandaliwa seti yake mapema, na mgeni aliyeinuka kwenye kochi huku kitambaa kimemganda mgongoni alichekwa wiki nzima. Kisha yakaja makochi ya ngozi bandia ambayo kila kitambaa huteleza juu yake, zikaja televisheni bapa zisizo na mgongo wa kutandikia chochote, na zikaja lesi za mashine zilizouzwa kwa bei isiyotosha hata kununulia uzi wa mfumaji. Vitambaa vikakunjwa, vikaingia sandukuni.

Kinachoonekana sasa katika picha za mitandaoni, na polepole katika maduka ya mjini, ni bidhaa za namna nyingine: blauzi zenye matundu, kofia, mikoba, magauni ya kuvaliwa juu ya nguo za kuogelea, foronya za mito ya makochi, mazulia madogo ya mviringo, vivuli vya taa na wanasesere. Mkono ni ule ule na sindano ni ile ile, ila uzi, mteja na hesabu vimebadilika. Kiini cha mabadiliko hayo, kwa maoni yangu, kimo katika sifa moja ambayo wafumaji huitaja kwa fahari bila kuifuatilia hadi mwisho wake, nayo ni kwamba huu ni miongoni mwa fani chache sana za nguo ambazo viwanda vimeshindwa kuzichukua. Sifa hiyo ndiyo inayoipa kroshia thamani yake, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya iwe vigumu kuendesha maisha kwa kuifuma.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza kuzitenga kazi ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Mvuvi wa Katonga au Kibirizi anayetengeneza wavu wake hufunga fundo katika kila jicho, na fundo lile halikusudiwi kufunguka. Mapambo ya kamba ya kuning'inizia vyungu vya maua, yanayojulikana kama makrame, yako upande huo huo wa mafundo na hayahitaji sindano yoyote. Sweta la shule hufumwa kwa sindano mbili ndefu zinazobeba vitanzi vyote vya mstari kwa pamoja, na ndiyo maana uzi ukikatika mahali pamoja vitanzi huachiana kimoja baada ya kingine mpaka chini. Kroshia hutumia sindano moja fupi. Kitanzi kilicho wazi juu ya sindano huwa kimoja, au vichache vya mshono unaoendelea wakati huo, na kila mshono hufungwa kabla ya unaofuata kuanza. Kwa hiyo mfumaji ana uhuru wa kugeukia atakako: anaweza kuanzia katikati na kuzunguka, kurudi nyuma, kuruka tundu ili kuacha uwazi, kuongeza mishono ili kitambaa kitanuke, au kupunguza ili kifumbe na kuwa kofia.

Uhuru huo umewavutia hata watu ambao hawakuwa na haja ya vitambaa. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani alitumia kroshia kutengeneza kielelezo cha uso wa haipaboli, umbo la jiometri ambalo hapo awali lilionyeshwa kwa vipande vya karatasi vilivyochanika upesi. Alichofanya ni kuongeza mishono kwa uwiano usiobadilika katika kila mstari, na kitambaa, kwa kukosa nafasi ya kulala bapa, kikajikunja chenyewe kwa mawimbi. Mwaka 2005 ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianza kuitumia kanuni hiyo kufuma miamba ya matumbawe ambayo baadaye ilizungushwa katika kumbi za maonyesho. Mama wa Ujiji aliyeweka marinda pembeni mwa kitambaa chake cha meza kwa kufuma mishono mitatu katika kila tundu alikuwa akitumia kanuni ile ile, pasipo chuo kikuu.

Ugumu wa mashine unaanzia hapo hapo kwenye uhuru. Mashine ya kufumia soksi ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, nayo iliwezekana kwa sababu vitanzi vilivyopangwa kwenye mstari vinaweza kupewa kila kimoja sindano yake ya chuma, zote zikaenda na kurudi kwa pamoja. Baadaye sindano hizo zikaongezewa ulimi mdogo unaojifungua na kujifunga wenyewe. (Ulimi huo wasusi wanaujua vizuri, kwa kuwa ndio ulioko kwenye sindano ya kuvutia nywele za bandia katika mtindo wa kichwani ambao nao huitwa kroshia.) Kroshia yenyewe haitoi mstari wa vitanzi vya kushikwa. Sindano inapaswa kuingia ndani ya kitambaa ambacho kimekwisha kufumwa, itafute tundu, pengine ipite nyuma ya mshono badala ya mbele yake, ichote uzi, itoke nao na kuupitisha katika kitanzi kilichosubiri, halafu irudie yote hayo mahali penye mwelekeo tofauti. Kidole kinafanya hivyo bila kufikiri, ilhali chuma cha kiwandani hakijafika huko. Zipo mashine ambazo wafanyabiashara huziita za kroshia, lakini hizo huchukua nyuzi nyingi zinazokwenda sambamba kwa urefu na kuzifunga pamoja, zikatoa kitu chenye matundu na michoro inayofanana na kroshia kwa mtazamaji aliye mbali.

Aliye karibu anaweza kutofautisha. Kroshia ya mkono huonyesha vicheni vidogo kwenye kichwa cha kila mstari, na chini yake mishono inayosimama mmoja mmoja kama nguzo. Kitu cha mviringo huanzia katikati na hakina mahali kiliposhonwa ili kufunga duara. Kitambaa cha mashine mara nyingi kina nyuzi zinazopanda wima kwa urefu wake wote, na ukikigeuza ndani utakuta kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, jambo ambalo mfumaji wa kroshia hana sababu ya kulifanya, kwa kuwa kila kipande chake hutoka kwenye sindano kikiwa na ukingo uliokamilika.

Kutokana na hayo hufuata jambo zito. Blauzi ya kroshia halisi, popote ilipouzwa na kwa bei yoyote, imefumwa na mtu aliyeketi akaifuma mshono kwa mshono. Inapotundikwa katika duka la nguo za bei ya chini huko Ulaya au ikaletwa Kariakoo ndani ya robota, kisha ikauzwa kwa bei ya fulana, hapakuwa na mashine ya kupunguza gharama; kilichopunguzwa ni malipo ya mfumaji. Nguo nyingine za bei rahisi zinaweza angalau kusingizia kasi ya mitambo.

Historia ya Ireland inaonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kwenda. Kroshia kama tunavyoijua leo ilienea Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Njaa Kuu ilipoanza Ireland mwaka 1845 kwa sababu ya ugonjwa ulioangamiza viazi, watawa wa kike na wahisani waliwafundisha wanawake na watoto kufuma lesi iliyoiga lesi ghali za Venice. Lesi ile ya awali ilishonwa kwa sindano ya kawaida na ilikula muda mrefu mno. Kroshia ilikwenda kwa haraka zaidi na ilihitaji ndoano na uzi tu. Kazi ikagawanywa, huyu akafuma maua ya waridi, yule majani, mwingine akaviunganisha vyote kwa wavu mwembamba. Matajiri wa London na Paris wakazivaa, na fedha zile zikasaidia kaya kununua chakula, kulipa kodi ya ardhi na kukata nauli za meli za kuhamia Marekani. Hata Malkia Victoria alijifunza kufuma, jambo lililoipa heshima kazi iliyokuwa ikitazamwa kama ya maskini.

Kisha, katika miaka ya 1880, viwanda vya Uswisi na Ujerumani vikapata njia ya kudarizi kwa mashine juu ya kitambaa ambacho baadaye kiliyeyushwa kwa kemikali, likabaki tarizi tupu lenye matundu lililofanana sana na lesi ya Ireland. Hakuna aliyekuwa amegundua mashine ya kroshia. Mnunuzi aliyetaka kola ya lesi aliipata kwa bei ndogo na hakuuliza ilivyotengenezwa. Huko ndiko ninakoona kisa cha sebule zetu kikijirudia: lesi za mashine zilizofunika meza za Tabora hazikuwa kroshia, na wala hazikuhitaji kuwa kroshia ili kuwaondoa kina mama sokoni.

Kwa nini basi ikarudi? Sehemu ya jibu ni mzunguko wa kawaida wa mitindo, kwani miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Ulaya na Marekani walivaa fulana na magauni ya vipande vya mraba vya rangi nyingi, na kila kilichovaliwa wakati huo kimekwisha kuchimbuliwa upya angalau mara moja. Msukumo mkubwa ulitokea mwaka 2020. Mwezi Februari mwimbaji Harry Styles alionekana amevaa sweta la viraka vya rangi lililobuniwa na JW Anderson, na watu waliofungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19 wakaanza kulifuma wenyewe na kujirekodi kwa simu. Mwezi Julai nyumba hiyo ya mitindo ikatoa maelekezo yake bure, na baadaye sweta lenyewe likachukuliwa na jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London. Sweta hilo kwa asili lilikuwa kazi ya sindano mbili zaidi kuliko kroshia, lakini wengi walioiga walitumia ndoano kwa sababu ndiyo rahisi kwa anayeanza. Mwaka uliofuata Tom Daley, mpiga mbizi wa Uingereza, alionekana akifuma kwenye jukwaa la watazamaji katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Juu ya yote hayo kulikuwa na uchovu wa nguo zinazochakaa baada ya kufuliwa mara chache.

Hapa kwetu chanzo ni simu zaidi kuliko kitu kingine. Binti wa Kigoma anayejifunza leo hana budi kuchagua kati ya bibi yake, ambaye humwonyesha kwa mkono bila kutaja jina la mshono hata mmoja, na video ambayo humtajia majina yote kwa Kiingereza. Njia hizo mbili hazipatani kila mara. Maelekezo ya Uingereza na ya Marekani huita mishono tofauti kwa majina yale yale, kiasi kwamba mshono unaoitwa dabo katika kitabu cha Kiingereza cha Uingereza ni ule mfupi ambao Wamarekani huuita singo, na anayefuata kitabu kimoja akidhani ni kingine hupata blauzi iliyorefuka au kufupika bila yeye kukosea hesabu. Wanaotumia michoro ya alama badala ya maneno huepukana na tatizo hili, na ningemshauri anayeanza aizoee mapema.

Badiliko la pili ni la uzi. Vitambaa vya zamani vilifumwa kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano ya milimita moja na robo hivi au mbili, kwa hiyo kitambaa kimoja cha meza kilikula wiki kadhaa za jioni. Mitindo ya sasa hutumia uzi mnene na sindano za milimita 3 hadi 6, na kazi huonekana ikikua mbele ya macho. Bila badiliko hilo, nadhani vijana wachache sana wangevumilia.

Lakini uzi mnene unaopatikana kwa urahisi zaidi ni wa akriliki, ambao hutengenezwa kwa malighafi za petroli, na tabia zake zinapaswa kujulikana. Haunywi jasho. Blauzi yake inaweza kufaa jioni za baridi za Kasulu, lakini kando ya Ziwa Tanganyika, ambako joto huja pamoja na unyevu, au Tabora mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, mvaaji hujuta kabla ya saa sita mchana. Ukipigwa pasi ya moto uzi huo hulegea na kung'aa, wala haurudi tena katika hali yake. Kivuli cha taa cha akriliki kisikaribishwe kwenye balbu ya zamani inayotoa joto; kwa balbu za LED hakuna shida. Pamba hunywa jasho, huvumilia pasi na huonyesha mishono vizuri zaidi, ila ni nzito, huchelewa kukauka, na mkoba uliofumwa kwa pamba bila kitambaa cha ndani hurefuka kila unapobebewa kitu kizito. Kwa mapambo ya nyumbani Tabora, ambako vumbi la kiangazi huingia kila tundu, kinachofulika mara kwa mara bila kuharibika ndicho kinachofaa, na hapo pamba haina mshindani.

Inasikitisha kwamba uzi huo wa pamba huja kwa gharama kubwa katika mkoa unaolima pamba. Igunga na Nzega zimo katika ukanda wa magharibi unaotoa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, na Tabora yenyewe iliwahi kuwa na kiwanda cha nyuzi, lakini sehemu kubwa ya pamba ya nchi huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, na uzi wa kufumia hurudi ukiwa donge lililofungwa karatasi ya rangi. Kwa mfumaji wa Kigoma gharama hiyo huongezwa na umbali. Madonge ya rangi moja yaliyotiwa rangi kwa nyakati tofauti hayafanani, na ndiyo sababu karatasi yake huwa na namba ya awamu ya utiaji rangi. Uzi ukimwishia katikati ya shuka la kitanda, donge jingine litakalofika kwa basi kutoka Dar es Salaam linaweza kuwa na rangi iliyokolea kidogo, na mstari wa tofauti utaonekana mpaka shuka lichakae. Anayeepuka hilo hununua uzi wote wa kazi kwa mara moja, na hapo ndipo mtaji unapohitajika katika kazi inayosifiwa kwamba haihitaji mtaji. Mikopo ya halmashauri, yaani ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ingekuwa na maana zaidi kwa wafumaji kama ingeombwa kwa ajili ya shehena ya uzi.

Sasa bei. Tuchukue mkoba wa kawaida, kwa makadirio tu. Tuseme madonge matatu ya uzi wa pamba kwa shilingi 4,000 kila moja ni 12,000, na kitambaa cha ndani, zipu na vishikio ni 6,000, jumla 18,000. Kazi imechukua saa 15. Mteja akilipa 35,000, mfumaji hubaki na 17,000, ambazo ni kama shilingi 1,130 kwa saa, kabla ya nauli na vocha ya simu. Mteja akiomba apunguziwe hadi 25,000 kwa kuwa ni jirani, kila saa imelipwa chini ya shilingi 500. Fundi cherehani akibanwa bei anaweza kushona haraka zaidi au kununua mashine bora; mfumaji wa kroshia, kwa sababu ile ile iliyovishinda viwanda, hana pa kupunguza isipokuwa usiku wake mwenyewe. Wengi hawazihesabu saa hizo kwa kuwa hufuma huku wakiuza duka au wakimsubiri mtoto, na wanunuzi wameizoea hali hiyo tangu enzi za vitambaa, ambapo kazi ya mama ilikuwa bure kwa sababu ilikuwa ya nyumbani.

Njia ya kuongeza kipato bila kuongeza saa ni kuchagua cha kufuma. Gauni zima la mtu mzima ni kazi inayopendeza katika picha na kumtia hasara mfumaji. Ukingo wa kroshia uliopachikwa kwenye gauni la kitenge, au mikono ya kroshia kwenye blauzi iliyoshonwa kwa cherehani, huchukua saa chache na hubadilisha bei ya nguo nzima, na Kigoma haina upungufu wa vitenge wala mafundi. Kwa nguo zinazofumwa kwa oda ni busara kupokea malipo ya awali yanayogharamia uzi wote na kuandika vipimo, maana nguo iliyofumwa kwa kifua cha mtu mmoja haimkai mwingine.

Njia nyingine ni ile ya Ireland, kugawana vipande. Ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, zipo Kigoma na Tabora, na vikundi vya wanawake vipo karibu kila mtaa, kwa hiyo watu wa kugawana hawakosekani. Kinachovunja mipango hiyo ni ukubwa wa vipande. Mikono haifanani: mmoja hukaza uzi, mwingine huulegeza, na mraba wa mishono ile ile hutoka na sentimita 12 kwa huyu na 14 kwa yule, shuka likaunganishwa likiwa limepinda. Kikundi kinachojua kazi huanza kwa kila mmoja kufuma mraba mmoja wa majaribio, miraba yote ikapangwa juu ya meza na kupimwa kwa futi kamba. Anayekaza hupewa sindano ya milimita 4 badala ya 3.5, anayelegeza hupewa ndogo zaidi, kila mmoja hufuma mraba mwingine, na vipimo vikilingana ndipo madonge ya oda yanapofunguliwa.